Maji Yanayobaki Bondeni Mafuriko Yakishaondoka

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kibiti



Kamati ya maandalizi iliniandikia ikinitaka nizungumze juu ya maendeleo. Neno hilo ni pana kama bahari, nami si mwogeleaji. Nikaomba ruhusa, na nikapewa, nizungumze juu ya jambo moja dogo: namna udongo unavyoshika maji, na namna maji yanavyotembea ndani ya udongo. Jambo hilo tulifundishwa katika maabara yetu kwa bomba tatu za kioo zilizozibwa kwa pamba upande wa chini, moja ya mchanga, moja ya tifutifu na moja ya mfinyanzi. Tuliandika majibu katika madaftari, tukafaulu mtihani, kisha wengi wetu tukasahau. Leo napenda kuonyesha kwamba ubishi unaosikika sasa tangu Utete hadi baharini, ubishi wa bwawa na mafuriko, hauwezi kuamuliwa vema na mtu aliyezisahau zile bomba tatu. Na kwa kuwa mimi ni mtumishi wa serikali, niseme mapema kwamba haya ni maoni yangu mwenyewe, wizara haikunituma.

Nianze na fumbo ambalo kila mtu wa huku analijua, ila hatulioni kuwa ni fumbo. Mvua za masika huisha mwezi Mei. Ikifika Julai, hapa Kibiti juu majani yamekauka, na mahindi yaliyochelewa kupandwa yamejikunja kama karatasi. Mtu huyo huyo akishuka bondeni wakati huo huo, anakuta mahindi ya mlau yamesimama, majani yake mapana na ya kijani, pamoja na kunde, choroko na maboga. Hayo yalipandwa Mei au Juni, maji ya mto yalipokuwa yanarudi nyuma, katika tope lililoachwa. Tangu yapandwe huenda hayajaonja mvua ya kusema. Jua ni lile lile, upepo wa kusi ni ule ule. Yanakunywa nini?

Yanakunywa mafuriko ya Aprili. Maji yale yameondoka juu ya ardhi, lakini sehemu yake imebaki chini, na mkulima wa mlau anaitoa kidogo kidogo kwa mizizi ya mimea yake kama mtu anayechota akiba. Mzee wa Rufiji hahitaji mtaalamu wa kumweleza hivyo. Yeye hutia kidole ardhini, hufinya donge, akajua kama litamfikisha mavuno. Tunachoweza kumwongezea sisi tuliosoma ni hesabu tu, na hesabu hiyo ndiyo inayokosekana mezani panapoamuliwa mambo ya mto.

Tuangalie basi ghala lenyewe. Udongo si kitu kizima. Karibu nusu yake ni nafasi tupu, vitundu vilivyo kati ya chembe na chembe. Mvua inaponyesha vitundu vyote hujaa. Kisha vile vikubwa hushindwa kuyazuia maji, yakashuka kwa uzito wake. Vile vidogo huyashika, kwa sababu maji hung'ang'ania kuta za vitundu na kung'ang'aniana yenyewe kwa yenyewe. Ndiyo nguvu ile ile inayopandisha mafuta katika utambi wa kibatari. Kadiri kitundu kilivyo chembamba, ndivyo kinavyoshika kwa nguvu zaidi. Kitundu chenye upana wa sehemu tatu ya kumi ya milimita kinaweza kuyainua maji sentimita 10 tu. Kitundu chembamba mara mia moja kuliko hicho kinaweza, kwa hesabu, kuyainua mita 10.

Mchanga una chembe kubwa, hivyo vitundu vyake ni vikubwa na maji hupita kama katika chujio. Mfinyanzi una chembe zisizofika sehemu mbili za elfu moja ya milimita. Chukueni gramu moja tu ya mfinyanzi wa ile aina inayovimba ikilowa na kupasuka ikikauka, kama wa mbuga nyeusi. Mkizihesabu nyuso zote za vichembe vyake, za nje na za ndani, mtapata mita za mraba 600 na zaidi, eneo linalopita kiwanja cha mpira wa kikapu. Kote huko maji hujibandika.

Hapa wengi hukosea, wakadhani kwamba kwa kuwa mfinyanzi unashika maji mengi zaidi, basi ndio udongo bora. Maji kushikwa na udongo ni jambo moja, na udongo kukubali kuyatoa ni jingine. Mzizi nao unavuta, na nguvu zake zina mwisho. Mimea mingi ya shambani huweza kuvuta hadi karibu mara 15 ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka. Maji yaliyoshikwa kwa nguvu kupita hapo, mmea hunyauka na usiku haurudi tena kusimama, ingawa udongo ukiupima katika tanuri bado una maji ndani. Mfinyanzi mtupu ni tajiri bahili. Udongo unaofaa kuliko yote ni ule wa katikati, wenye tope laini la mto lililochanganyika na mfinyanzi kiasi na mchanga kiasi, na huo ndio Rufiji umekuwa ukiulaza bondeni mwaka baada ya mwaka.

Sasa hesabu. Katika kila mita moja ya kina, udongo wa kichanga hushika maji ya kutumiwa na mmea kiasi cha milimita 60 hivi. Tifutifu ya tope hufika 150, hata 170 au zaidi. Shamba la mahindi hunywa, pamoja na kinachopotea juani, kama milimita 5 kwa siku. Kwa hiyo shamba la kichanga lenye mizizi ya kina cha mita moja lina akiba ya siku 12. Shamba la bondeni lina akiba ya mwezi mzima kwa kila mita, na huko mizizi huweza kuteremka zaidi ya mita moja, na chini yake maji ya ardhini hayako mbali, hupanda taratibu kama mafuta ya utambi. Kwa lugha ya magari, milimita 150 katika hekta moja ni tani 1,500 za maji. Lori la maji la lita 10,000 lingefanya safari 150 kuijaza hekta moja kwa kina cha mita moja. Mto unafanya kazi hiyo bila dereva na bila dizeli.

Hayo ni ya kushika. Kutembea ni hadithi nyingine. Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyeshughulikia maji ya mji wa Dijon, alipitisha maji katika bomba la mchanga na kuonyesha kwamba kasi yake hutegemea msukumo wa maji na aina ya kitu yanachopitia. Kanuni hiyo ingali inatumika. Lakini mchanga wa Darcy ulikuwa umejaa maji. Udongo wa shambani mara nyingi haujajaa, na humo maji huwa na tabia ya ajabu: huenda kutoka penye unyevu kwenda pakavu, kwa upande wowote, hata kwenda juu.

Ajabu inayonipendeza mimi kuliko zote ni hii. Mkichimba shimo kando ya mto, mtaona matabaka: tope, kisha mchanga, kisha tope tena, kila tabaka ni kumbukumbu ya furiko moja. Mtu angedhani maji yaliyo katika tope la juu, yakifika kwenye mchanga, yataporomoka mara moja. Sivyo. Vitundu vyembamba vya tope huyashika maji, na vitundu vikubwa vya mchanga havina nguvu ya kuyavuta. Yatasimama pale mpakani mpaka tope lijae karibu kabisa, ndipo yaanze kudondoka. Andazi lililochovywa katika chai hukaa limelowa juu ya sahani kavu kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo tabaka la mchanga lililo chini, ambalo mnunuzi wa shamba akiliona huondoka akisonya, linaweza kuwa ndilo linalolifanya tabaka la juu lishike maji zaidi. Na kinyume chake, tabaka gumu lililoshindiliwa na matairi ya trekta, hata likiwa la sentimita chache, huzuia maji kushuka na mizizi kupenya. Shamba linaelea maji Aprili na kufa kiu Juni.

Wengi wenu mna mashamba huku juu, ya mikorosho, michungwa na minazi, nami nisije nikaonekana nimewasahau. Udongo wa huku wa kichanga si laana. Unameza mvua haraka, milimita 30 kwa saa na zaidi, kwa hiyo maji hayatiririki ovyo. Tatizo ni kwamba hayakai. Mahindi hayayawahi, mkorosho, wenye mizizi mirefu, huyakuta huko chini. Wazee waliopanda mikorosho juu na mpunga chini walikuwa wamekwisha kuusoma mteremko wenyewe. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliandika kwamba katika nchi zetu hizi udongo hupangana kando ya mteremko kama shanga katika uzi: mwekundu juu, wa kijivu katikati, mweusi chini, na mpangilio huo hurudi kilima baada ya kilima. Jina alilolitoa, katena, linafundishwa dunia nzima, na lilizaliwa Tanganyika. Anayepanga kupanda mahindi juu kichangani basi aongeze samadi na mboji, atandaze majani, na asiyachome. Mengine nitajibu kwenye maswali.

Nirudi bondeni, maana huko ndiko kwenye jambo.

Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda kwenye vijiji vya ardhi ya juu, katika ile iliyoitwa Operesheni Rufiji. Nia ilikuwa njema, kuwaokoa na maji na kuwapelekea shule na zahanati. Lakini watu waliendelea kushuka, wakalala katika madungu yao juu ya nguzo wakilinda mazao, kwa sababu ghala la maji halikuhamishwa pamoja nao. Waliohamisha waliyaona mafuriko kuwa ni msiba tu. Waliohamishwa walijua kwamba ni msiba na riziki kwa pamoja.

Sasa tunalo Bwawa la Julius Nyerere kwenye mlango ule wa mto, Stiegler. Lilianza kujazwa Desemba 2022, umeme wa kwanza ukapatikana mwanzoni mwa 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ilikuwa imekamilika, megawati 2,115. Bwawa linaweza kushika zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Mimi ninautaka umeme huo kama ninyi mnavyoutaka. Aprili 2024 mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti yalizama na watu wakahama. Wako waliolilaumu bwawa, na serikali ikajibu kwamba bila bwawa maji yangekuwa mengi zaidi. Ubishi huo wa nani alaumiwe sitaki kuuingia. Ninachosema ni kwamba pande zote mbili zilihesabu maji yaliyo juu ya ardhi tu.

Hebu tuhesabu ya chini. Tuseme mkulima anataka mita mbili za udongo mzito wa bondeni zijae, milimita 150 kwa mita. Jumla ni milimita 300. Maji yakifika juu ya mbuga iliyopasuka, hukimbilia ndani ya nyufa kwa haraka. Kisha mfinyanzi huvimba, nyufa hufunga, na tangu hapo udongo humeza kati ya milimita 1 na 5 tu kwa saa. Kwa milimita 5 kwa saa, kazi huisha kwa siku mbili na nusu. Kwa milimita 1, ni siku kumi na mbili na nusu. Na hapo maji yawe yametulia juu ya shamba muda wote.

Maana yake ni nini? Furiko refu kwa kimo, la siku mbili, linalopita kwa kishindo, linaweza kuvunja nyumba, kung'oa mpunga na kuua mbuzi, kisha likaondoka huku udongo wa sentimita arobaini kwenda chini ukiwa haujalowa vya kutosha. Mkulima amepata hasara ya Aprili na njaa ya Septemba. Furiko fupi kwa kimo, la wiki mbili, linalopanda polepole na kushuka polepole, humpa mpunga nafasi ya kurefuka pamoja na maji, hujaza ghala, na huacha tope. Kwa mtu anayetazama mita ya kimo cha mto pale darajani, furiko la kwanza ndilo kubwa. Kwa mkulima wa mlau, kubwa ni la pili.

Kwa hiyo wanaofungua milango ya bwawa wasiulizwe tu, "Mtaachia maji kiasi gani?" Waulizwe pia yataachiwa mwezi gani, kwa siku ngapi, na yatapanda kwa kasi gani. Bwawa linaweza kuwa adui wa ghala la chini, likiachia mtiririko sawasawa mwaka mzima ambao hautoki kamwe kingoni. Linaweza pia kuwa rafiki, likitengeneza kwa makusudi furiko dogo la muda mrefu katika miezi inayofaa. Jambo moja tu haliwezi kulirudisha kwa urahisi: tope. Maji yanapotulia katika bwawa tope huzama humo, na maji yanayotoka ni maangavu. Mashamba ya bondeni yataendelea kwa muda na udongo yalionao, lakini ule wa kuongezewa kila mwaka utapungua, na huo, kama nilivyosema, ndio ghala lenyewe.

Nimalizie na delta, ambako maji yapo kila mahali na mmea unaweza kufa kwa kiu. Mara mbili kwa siku bahari hupanda katika mikono ya mto, na wakati wa bamvua hufika mbali zaidi. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Kuyavuta maji matamu kutoka humo kunataka nguvu ya karibu mara 25 ya kanieneo ya hewa, nasi tumekwisha kuona kwamba mizizi ya mazao huishia 15. Udongo uliolowa maji ya bahari, kwa mpunga, ni mkavu kuliko Kalahari. Mkoko na mchu wana ufundi wao wa kuishinda chumvi, mpunga hauna.

Mpunga wa delta basi huishi kwa neema ya mto na mvua, vinavyoiosha chumvi kutoka kwenye udongo na kuisukuma bahari nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya mafuriko makubwa, sehemu kubwa ya maji matamu ya mto iliacha kuelekea matawi ya kusini ikageukia ya kaskazini. Mashamba ya kusini yakaharibika kwa chumvi. Kaskazini watu wakaona maji yamekuwa matamu, wakafyeka mikoko na kupanda mpunga. Wanaolaumiwa leo kwa kukata msitu walikuwa wanayafuata maji. Hata hivyo nasema wazi kwamba ufyekaji huo siuungi mkono. Delta hii ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote wa Afrika Mashariki katika eneo moja, kama hekta 53,000, na tope lililo chini yake mara nyingi huwa na madini ya chuma na kiberiti. Likiwa limelowa halina madhara. Likikaushwa na kuingiwa na hewa, hugeuka kuwa asidi kali inayoweza kuua mpunga na samaki wa mkono ule. Shamba la namna hiyo hulimwa miaka kadhaa, kisha magugu, kaa au uchungu wa udongo humfukuza mwenyewe, naye anafyeka jingine.

Na bwawa linafika hadi huko pia. Mto ukidhoofika wakati bahari ina nguvu, chumvi hupanda kuelekea juu, kwanza katika mikono ya mto, baadaye katika udongo wa kingoni, mwisho katika visima. Udongo wa mfinyanzi ukishashiba chumvi ya bahari, kuuosha si kazi ya msimu mmoja. Chumvi yenyewe hutoka, lakini natiri hubaki imeng'ang'ania chembe, chembe hutawanyika na kuziba vitundu, na maji ya kuoshea hayapiti tena.

Ombi langu kwa mkutano huu si kubwa. Miongoni mwetu wamo wahandisi, waalimu, wakulima, na nasikia hata mawakili. Tunaweza kuisaidia shule ichimbe visima vyembamba vya kupimia maji ya ardhini, vinne au vitano, kuanzia huku juu hadi bondeni, na vijana wa kidato cha tatu wapime kina cha maji na chumvi yake kila Jumamosi. Bomba za plastiki, kamba yenye vipimo na kifaa kidogo cha kupimia chumvi havizidi gharama ya chakula cha mchana tulichokula leo. Daftari la miaka mitano lingetuwezesha kwenda kwa wakuu wa bonde la Rufiji na kusema: furiko la mwaka huu lilijaza, la mwaka ule halikujaza, na hizi hapa ndizo tarakimu.

Kekee ya kutobolea udongo niliyokuja nayo nitaiacha maabara. Kesho saa moja asubuhi gari litashuka bondeni na wenye kupenda. Shimo la mita mbili limekwisha kuchimbwa, matabaka yote yanaonekana, na mwenye shamba amekubali tumchafulie. Vaeni viatu vya zamani. Ndugu Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali.